Kipande cha Katikati

Dada alifariki siku ya Jumatano, na Jumatano ndiyo siku ambayo nyumbani kwao hapakuwa pakipikwa. Kwa hiyo jioni ile, Kitinda na Shemeji walipotoka hospitali wamebeba viatu vya Dada ndani ya mfuko wa plastiki, walikuta jiko baridi, sufuria zimefunikwa kwenye rafu, na ndani ya friji hamna kitu ila nusu kitunguu na chupa ya maziwa. Hakuna aliyekuwa na njaa. Lakini Kitinda alisimama mbele ya lile friji, mlango wazi, baridi ikimpiga magotini, na jambo lililomjia kichwani lilikuwa moja tu, tena la kijinga: saa hizi tungekuwa mgahawani kwa Sharubu.

"Funga friji," Shemeji alimwambia kwa upole. "Litaharibika."

Akafunga.

Kitinda aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa kitinda mimba kwao, na jina lenyewe alipewa na Dada, aliyemtangulia kwa miaka mingi na kumlea kama mwanawe. Dada ndiye aliyetangulia pia kufika nchi ile ya watu. Alipopata kazi ya kushona mapazia kwenye duka moja la samani, akamvuta mdogo wake, akamtafutia kazi ya kupiga pasi mashuka katika chumba cha dobi cha hoteli. Shemeji, mume wa Dada, alikuwa fundi wa lifti. Wakakaa watatu katika nyumba ya vyumba viwili, na kama kulikuwa na kelele ndani ya nyumba ile, tisa kati ya kumi zilikuwa za Dada.

"Mume wangu huyu bwana," Dada alikuwa akipenda kusema mbele ya wageni, "kutwa nzima anapanda na kushuka, jioni unamkuta palepale."

"Afadhali mimi," Shemeji angejibu. "Mdogo wako ananyoosha mashuka ya watu asiowajua, lakini la kwake limekunjamana kama shingo ya kobe."

"We shemeji, shuka langu ulilionea wapi?"

"Mlango hujafunga, nikapita. Nikadhani mtu amelala, kumbe ni makunyanzi."

"Kuleni, nyie watoto," Dada angesema, na kesi ingeishia hapo.

Pale kwa Sharubu paligunduliwa na pua ya Dada. Walikuwa wakipita barabarani siku moja, wamechoka, wakijadili wakapike nini, Dada akasimama ghafla katikati ya njia, watu wakampita kulia na kushoto. Alikuwa amenusa mbegu za haradali zikirukaruka kwenye mafuta, na nazi, na kitu kichachu kama ukwaju. Akaifuata ile harufu mpaka kwenye mlango mwembamba uliobanwa kati ya duka la kuchonga funguo na duka la kurekebisha simu. Ndani kulikuwa na meza chache zilizosukumwa ukutani, vikombe vya chuma, jagi la maji kila meza, na sinki la kunawia mikono pembeni. Wenyewe walikuwa watu wa kusini mwa India, mume na mke. Wateja walikuwa wakila kwa mikono, kimya, kama watu wanaojua wanachokifanya. Dada akaenda moja kwa moja kwenye sinki, akanawa, akaketi.

"Hapa," akasema, "tumefika."

Bei ya pale ilikuwa ya watu wa mshahara kama wao, na ubwabwa uliongezwa mpaka mtu aombe msamaha. Lakini chakula walichokipenda kilikuwa dosa ndefu. Dosa ni kama chapati ya maji, ila unga wake ni wa mchele na dengu uliolowekwa, ukasagwa, ukaachwa uchachuke. Ya kawaida hutosha sahani ya mtu mmoja. Hii ndefu ilikuwa nyembamba kama karatasi, imeviringishwa, imekaukia rangi ya dhahabu, na ilikuwa imeizidi sinia yake huku na huku, hivyo mwenye kuileta alitembea upande upande kama kaa. Pembeni yake kulikuwa na vibakuli vya chatne ya nazi na mchuzi wa dengu.

Waliila kwa utaratibu wao. Meza ilikuwa imegusa ukuta. Kitinda alikaa ncha moja, Shemeji ncha ya pili, na Dada katikati, akiutazama ukuta. Wale wawili walivunja kutoka mwisho wakaja ndani. Dada alianzia katikati akaenda nje. Katikati ndiko samli ilikokusanyika. Ndiko kulikokuwa na utamu, na Dada hakuona sababu ya kulificha hilo.

"Mkubwa hula pa mkubwa," alisema, huku anajilamba vidole. "Nyie kuleni masikio ya dosa, mimi nile mwili."

Mpishi walimjua kwa kichwa na kifua tu. Alionekana kupitia dirisha dogo la jikoni, mtu wa sharubu nene zilizopinda juu kama mikono ya baiskeli, ndiyo maana Dada akampa jina hilo. Mke wake alikaa kwenye kaunta, akapokea oda na malipo, na wao wakamwita Mama Kaunta. Wote watano waliongea lugha ya nchi ile, ambayo kila mmoja alijifunza ukubwani na kuivunja kwa namna yake. Siku moja Mama Kaunta aliuliza hilo neno "dada" analolitumia mdogo kila mara lina maana gani. Alipoelezwa, akafurahi. Kwao dada mkubwa ni Akka, akasema. Tangu siku hiyo, pale mgahawani Dada akawa Akka, na alilipokea jina hilo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumatano, mpaka ile alipoanguka dukani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Moyo, madaktari walisema. Walimzika kule kule, kwenye makaburi yenye nyasi zilizokatwa sawasawa, wakapokea wafanyakazi wenzake, wakapokea simu za nyumbani, na baada ya hapo wakabaki wao wawili, wakipishana kwenye korido ya nyumba ile kama wapangaji.

Mjomba alipiga simu kutoka nyumbani.

"Sasa hapo mnakaaje?" akauliza. "Mwanamume aliyefiwa na mkewe, na binti. Nyumba moja. Watu wana midomo."

"Mjomba, huku hakuna anayetujua."

"Midomo haihitaji kumjua mtu."

Shangazi naye alinong'ona kutoka nyuma ya Mjomba, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, kwamba kwani kuna ubaya gani, si amrithi tu mume wa dada yake. Kitinda alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Shangazi, huyu nimemwona miaka yote hii akikoroma kwenye kochi mdomo wazi, soksi zina matundu. Huyu ni kaka yangu. Niachieni."

Hata hivyo Shemeji alikuwa ameshasikia. Haikupita wiki, akakunja nguo zake, akahamia kwa fundi mwenzake. Alisema ni karibu na kazini. Hakukuwa karibu na kazini hata kidogo, na wote wawili walilijua hilo.

Kitinda alikaa peke yake na vyumba viwili, na Jumatano ilipofika akashindwa kupika. Akaandika kwenye simu: "Leo?" Jibu likaja kabla hajaiweka simu mezani: "Leo."

Wakakutana mlangoni pale kwa Sharubu, wakapeana mikono. Miaka yote hawakuwahi kupeana mikono. Meza yao ilikuwa wazi. Wakakaa kila mtu kwenye ncha yake, na kiti cha katikati kikabaki kinautazama ukuta.

Mama Kaunta alikuja, kitambaa begani. "Kama kawaida?"

Kitinda akamwangalia Shemeji. Shemeji akamwangalia Kitinda. Aliyekuwa akiagiza siku zote ni Dada. Wao walikuwa wakiletewa. Kila mmoja akamsubiri mwenzake aseme kwamba dosa ndefu sasa ni kubwa mno, walete mbili za kawaida.

"Kama kawaida," wakasema wote, kwa pamoja.

"Na Akka?"

"Leo hayupo," Shemeji akajibu haraka, akaanza kumwaga maji kwenye vikombe.

Dosa ikaja, upande upande. Wakaanza kuila kutoka mwisho, kama kawaida.

"Kazi inaendaje?" Kitinda akauliza.

"Nzuri. Kwako?"

"Tunashukuru."

"Na wenzako?"

"Wazima. Wanakusalimu." Hawakuwa wamemsalimu. Hawakumjua.

Ncha zikaisha, vipande vikasogea ndani, na hatimaye ikabaki sehemu ya upana wa viganja viwili, pale kati, inang'aa kwa samli. Kitinda aliitamani. Tumbo lake, lililokataa chakula tangu msiba, lilikuwa limezinduka siku hiyo na lilitaka pale hasa. Lakini akajiambia: huyu ndiye mume. Kama kuna mwenye haki ya kula pa marehemu, ni yeye. Akarudisha mkono. Shemeji naye akafuta vidole.

"Kula, Shemeji."

"Aa, nimeshiba. Kula wewe."

"Hata mimi. Nimeshiba kabisa."

Mama Kaunta akaja, akaitazama sahani, akawatazama wao, akaondoka nayo. Kitinda alirudi nyumbani akala mkate mkavu, amesimama karibu na sinki.

Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Heshima ni kitu kizuri, lakini ikizidi hugeuka kuwa njaa. Kila Jumatano walikula ncha, wakaulizana habari za kazi, wakashiba kwa mdomo, na kipande cha katikati kikarudi jikoni. Kitinda aliona mambo, lakini hakuyaunganisha. Aliona samli inazidi, mpaka ikachuruzika kwenye sinia. Wiki nyingine akaona pale kati pamenyunyiziwa vitunguu na pilipili mbichi. Mara akaliona kule jikoni lile kaango kubwa la chuma la kupikia dosa, pana kama mlango, limegeuzwa upande wake wa kushoto umekuwa kulia. Sharubu mwenyewe alikuwa akichungulia dirishani kila walipokula, ufagio wake mdogo wa kufagilia kaango mkononi, macho makali kama ya msimamizi wa mtihani. Na Jumatano moja walikuta mlango wa jikoni wazi, na miguu ya fundi wa gesi imetokeza chini ya jiko.

"Leo dosa hamna," Mama Kaunta akasema kwa aibu. "Kula idli."

Wakaletewa idli, vile vikate vyeupe vya mvuke, laini kama sponji. Wakala. Ikabaki moja sahanini.

Ilikuwa siku hiyo ya idli Shemeji alipokohoa, akasema kama mtu anayesoma tangazo:

"Kampuni inataka kunihamisha. Kuna jengo jipya, mji mwingine, mbali. Lifti nyingi. Wanataka mtu wa kukaa hapo hapo."

Kitinda akakitua kikombe cha maji. "Lini?"

"Wananitaka nijibu kabla ya wiki ijayo kuisha."

"Ni vizuri," akasema.

"Eh. Ni vizuri."

"Ni hatua."

"Ni hatua, ndiyo."

Njiani kurudi Kitinda alipita vituo viwili vya basi bila kujua, ikabidi arudi kwa miguu. Katika nchi ile nzima, mtu aliyejua kwamba yeye anaitwa Kitinda sasa alikuwa mmoja, na huyo anaondoka. Angetaka kumwambia usiende. Ni neno dogo. Lakini Mjomba alikuwa amempigia tena mapema wiki ile, akamwambia kwa sauti yake ya busara: "Usimng'ang'anie mtoto wa watu. Aliyemleta kwetu ndiye huyo amekwenda. Mwache mwenzio naye aanze upya, asije akakaa hapo kwa ajili ya kukuonea huruma." Na Kitinda, ambaye huruma ilimchoma kuliko pasi, akajiapia kwamba hataomba. Akitaka kuondoka, aondoke. Hatamshika shati.

Jumatano iliyofuata mvua ilinyesha, mgahawa ukawa mtupu. Jiko lilikuwa limepona. Dosa ililetwa ndefu, nzuri kuliko zote, kavu, inavunjika kwa mlio. Wakaila. Zilikuwa zimebaki siku mbili Shemeji atoe jibu lake, na hakuna aliyeligusa neno hilo. Walipofika pale pale, mikono ikasimama.

"Kula, Shemeji."

"Nimeshiba."

Mama Kaunta akainyanyua sinia. Hakufika nayo mbali. Mlango wa jikoni ulifunguka kwa kishindo, akatoka Sharubu.

Walishtuka wote wawili, kwanza kwa sababu hawakuwahi kumwona nje ya dirisha lake, pili kwa sababu alikuwa mfupi. Mfupi sana. Kumbe miaka yote alikuwa amesimama juu ya kreti. Alikuja na aproni yake imelowa, akaichukua ile sinia mikononi mwa mkewe, akaitua mezani.

"Ninyi," akasema, "mnanitesa."

"Sisi?" Shemeji akauliza.

"Ninyi. Nimepika dosa tangu sijaota hizi." Akashika sharubu. "Baba yangu alipika, babu alipika. Hakuna mtu aliyenirudishia katikati. Ncha, ndiyo, mtu anaacha ncha. Mtoto anaacha ncha. Katikati? Nani anaacha katikati?"

"Taratibu," mkewe akasema.

"Nimekaa taratibu wiki ngapi? Niache." Akamgeukia Kitinda. "Akka alikuwa anakwangua hapa mpaka sinia inalia. Nasikia kule jikoni, krr, krr, moyo wangu unafurahi. Halafu Akka haji. Halafu katikati kunaanza kurudi. Nikamwambia mke wangu, Akka ameudhika. Labda alikuta jiwe kwenye dengu. Labda samli ilikuwa ya zamani. Nikabadilisha samli. Nikaweka vitunguu. Nikageuza kaango. Nikasema labda moto haufiki kati. Nikaita fundi wa gesi, amelala chini ya jiko mpaka amesinzia, ametoka ananiambia jiko ni zima, mgonjwa ni mimi!" Akavuta pumzi. "Niambieni leo. Kuna nini katikati?"

Mvua ilikuwa ikipiga kwenye kioo. Shemeji aliinamisha kichwa, akakisogeza kikombe chake kushoto, akakirudisha kulia. Kitinda aliona kwamba hataweza. Na yeye pia, tangu msiba, alikuwa hajalitamka neno lile mbele yake. Walikuwa wakisema "ilipotokea" na "baada ya yale".

"Kaka," akamwambia mpishi. "Akka hajaudhika. Akka amefariki. Mwezi ule ule tulioacha kuja naye."

Sharubu alifungua mdomo. Kisha likamtoka, kabla hajapata nafasi ya kulizuia:

"Kwa hiyo jiko langu ni zima."

Mkewe alimpiga begani na kile kitambaa, kofi la maji maji. "Wewe! Mtu amekufa, wewe unasema jiko!"

"Nisamehe," akasema Sharubu, na uso wake ulikuwa umeanguka wote, sharubu na kila kitu. "Nisamehe, mdogo wangu. Sikutaka. Nilikuwa nimelala na hilo jiko kichwani..." Akavuta kiti kilichokuwa wazi, akaketi, akajifunika uso kwa aproni. Miguu yake haikufika chini vizuri.

Ndipo Kitinda akasikia sauti asiyoitarajia. Alimtazama Shemeji akidhani analia. Alikuwa akilia, ndiyo, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Alikuwa anacheka. "Jiko," alisema, akajifuta macho. "Jamani. Angekuwepo angekufa tena, kwa kicheko." Na Kitinda naye akashikwa, akacheka mpaka akashika meza, na Mama Kaunta akawatazama wote watatu kama anayehesabu wazima wamebaki wangapi.

"Sasa kama ni zima," akauliza, "mbona hamli?"

"Ni ya Kitinda hiyo," Shemeji akasema. "Dada ni wake wa damu. Mimi nimeingia kwa ndoa tu."

"Yangu?" Kitinda akageuka. "Mimi nakuachia wewe, mume mtu!"

"Uniachie mimi?"

"Wiki zote! Nikifika nyumbani nakula mkate mkavu nimesimama, kama mlinzi!"

"Mimi nanunua biskuti pale kituoni," Shemeji akasema. "Muuza biskuti ananiita mteja."

"Watu wazima," Sharubu akasema ndani ya aproni. "Watu wazima na meno yao." Akashuka kitini. "Hii imepoa. Nakwenda kupika nyingine. Mnataka mbili ndogo, kila mtu yake?"

"Leta hiyo hiyo ndefu," Shemeji akasema. "Tutapigania."

Mpishi akaenda, mkewe akamfuata akimnong'oneza kwa lugha yao, na kwa namna alivyonong'ona ilionekana hata yeye anafuta macho. Mezani wakabaki wawili. Kitinda aliitazama ile sinia, akawaza: kama tumeweza kulala njaa wiki zote hizi kwa kuoneana haya, kuna mangapi mengine?

"Shemeji," akasema. "Ule uhamisho. Unautaka?"

"Kampuni inasema ni..."

"Sikuulizi kampuni."

Shemeji alikwaruza meza kwa ukucha. "Nilikuambia ili uniambie nisiende. Ukasema ni hatua."

"Wewe ndiye uliyesema ni hatua!"

"Ulianza wewe. Mimi niliitikia."

"Kwa nini hukusema hutaki?"

"Nikwambieje? Mjomba wako alinipigia. Akaniambia nisikufunge. Akasema binti bado mdogo, nikikaa hapo karibu kama mlinzi hakuna atakayethubutu kuja kukuposa. Nikaona ni kweli. Nikahama, na bado nikaona nipo karibu mno."

Kitinda akayapanga yale maneno kichwani kando ya yale aliyoambiwa yeye. "Mimi aliniambia nisikung'ang'anie. Eti utakaa kwa huruma."

"Mjomba huyo huyo?"

"Huyo huyo."

Wakatazamana.

"Mjomba wako," Shemeji akasema polepole, "ana salio kuliko akili."

"Usimtukane mjomba wangu."

"Samahani."

"Nitamtukana mwenyewe." Akanyoosha mgongo. Lilikuwa neno dogo, na lilimpanda kooni likiwa zito kama pasi ya mkaa, lakini akalitoa. "Shemeji, usiende. Sikuhurumii na wewe usinihurumie. Sina mtu mwingine huku wa kugombana naye."

"Basi siendi," Shemeji akasema, upesi kiasi kwamba ilidhihirika alikuwa nalo mdomoni muda mrefu. "Na huyo mchumba akija?"

"Akija ataletwa kwako, umkague. Si wewe ndiye kaka yangu?"

"Nitampandisha lifti, niizime kati ya ghorofa, mpaka aseme alikuwa na wanawake wangapi."

"Nitazeeka bila kuolewa."

"Utakuwa na mashuka."

Dosa ya pili ikaja, na safari hii Sharubu aliileta mwenyewe, akasimama pale pale, mikono kifuani, kuhakikisha. Hakuna aliyeanzia ncha. Shemeji alipeleka mkono kati kwa kasi ambayo Kitinda hakuitegemea kwa mtu wa umri wake, akavunja kipande kikubwa kinachochuruzika.

"We mwizi! Hicho ni nusu nzima!"

"Fundi hupima kwa jicho."

Kitinda akavuta kilichobaki. Kilikuwa kikavu kwa nje na laini kwa ndani, chenye uchachu kidogo, na samli ikamshukia mpaka kwenye kiwiko. Alikula macho yamefumbwa. Alikuwa na njaa ya siku nyingi. Alimaliza chake, akauchukua mkono wake ule ule akakwangua sinia, krr, bila kukusudia, na mpishi akageuka haraka akarudi jikoni.

Siku mbili baadaye Shemeji aliwajibu wakubwa wake kwamba hataondoka, wakampeleka kijana mwingine ambaye alifurahi mno. Kwa mwenzake hakuendelea kukaa. Alipata chumba mtaa wa nyuma ya kwa Kitinda, ghorofa ya juu kabisa, katika jengo lisilokuwa na lifti, jambo ambalo wafanyakazi wenzake hawajachoka kulicheka. Mjomba alipigiwa simu na wote wawili, sauti ikiwa imefunguliwa, wamekaa kochi moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikohoa. Kisha akasema hivyo ndivyo alivyokuwa akiwashauri tangu mwanzo, ila huko kwao mtandao ulikuwa unakatika.

Pale kwa Sharubu wanakwenda bado, wakati mwingine na mtu wa tatu, wakati mwingine wawili. Kuna siku wanamzungumzia Dada kuanzia kunawa mpaka kulipa, na kuna siku hatajwi kabisa, wanazungumza habari za pasi zilizoharibika na watu waliokwama ghorofani. Kitinda ameanza tena kupika nyumbani siku nyingine za wiki, vyakula viwili vitatu anavyovijua, na Shemeji huja kuvilaumu.

Mwezi huu Shemeji anamfundisha Kitinda kuendesha gari, tena la kuazima, kila Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma wa ile hoteli. Kona ameziweza. Kuegesha bado.